Mjane katika karatasi moja, si mjane katika nyingine: kuifumbua historia ya familia ya Letitia Carson wa Oregon

Tarehe 17 Juni 1863, mwanamke Mweusi aliyezaliwa utumwani Kentucky aliandikisha madai ya ardhi ya serikali katika Kaunti ya Douglas, kusini mwa Oregon. Katika maombi yake alijieleza kuwa ni mjane mwenye watoto. Jina lake Letitia Carson. Miaka 11 kabla ya hapo, mwanamume aliyeishi naye na kuzaa naye alipofariki katika Kaunti ya Benton, msimamizi wa mirathi alishikilia kwamba mwanamke huyo hakuwa mke wa mtu, na kwamba watoto wake wawili hawakuwa na la kurithi. Mwanamke yuleyule, marehemu yuleyule, watoto walewale. Sheria iliyowauliza ndiyo iliyokuwa nyingine.

Watu wengi wanaotafuta ukoo wa Marekani ya karne ya 19 huanza na cheti cha ndoa, na wakikikosa wanakata tamaa. Kwa wajane walioishi mipakani mwa makazi ya walowezi, kuanzia hapo ni kuanza vibaya. Neno "mjane" katika karatasi za wakati ule lilikuwa cheo cha kisheria kabla ya kuwa habari ya msiba. Lilimpa mwanamke haki ambazo mke hakuwa nazo: kuingia mkataba kwa jina lake, kushtaki, kumiliki ardhi, kuwa mkuu wa kaya. Kwa hiyo kila ofisi ilikuwa na sababu yake ya kulitoa neno hilo au kulinyima, na ni lazima msomaji ajue ofisi gani inazungumza kabla ya kuamini karatasi. Familia ya Carson inafaa kujifunzia kwa sababu karatasi zake zinapingana waziwazi, na kila upinzani una chanzo kinachojulikana.

Kuzaliwa njiani

Mwaka 1845 Letitia alikuwa Missouri, jimbo la utumwa, pamoja na David Carson, mhamiaji kutoka Ireland aliyekuwa akiishi Kaunti ya Platte. Mwezi Mei mwaka huo waliondoka kwa mikokoteni ya kukokotwa na maksai kufuata Njia ya Oregon, safari ya maili 2,000 hivi, yaani kama kilomita 3,200, iliyowachukua wasafiri wengi miezi mitano hadi sita. Letitia alikuwa na mimba pevu. Tarehe 9 Juni alijifungua binti njiani, Martha, katika nyanda ambazo leo ni Nebraska.

Mtoto wa namna hii ni mtihani wa kwanza kwa mtafiti. Hapakuwa na kaunti wala kanisa la kumwandikisha, na hata Nebraska kama eneo la utawala haikuwepo hadi 1854. Mtu wa namna hiyo anaweza kuandikwa katika sensa moja kuwa amezaliwa Missouri, katika nyingine Oregon, na katika nyingine "nyandani". Usiyahesabu majibu hayo kuwa ni watu watatu tofauti. Linganisha umri na majina ya wanakaya kwanza; mahali pa kuzaliwa pawe ushahidi wa mwisho.

Walikokwenda nako kulikuwa na sheria yake. Serikali ya muda ya walowezi wa Oregon ilikuwa imepiga marufuku utumwa, lakini mwaka 1844 ilipitisha pia sheria ya kuwafukuza watu Weusi, ikiwapa wanaume muda wa miaka miwili na wanawake miaka mitatu waondoke. Sheria hiyo ilifutwa 1845 kabla muda haujatimia. Mwaka 1849 ikaja nyingine iliyowazuia watu Weusi wasiingie Oregon, ila iliwaacha waliokwisha kuwapo. Letitia aliangukia upande wa waliokwisha kuwapo. Hili si jambo dogo kwa mtafiti: mtu Mweusi katika Oregon ya wakati huo alikuwa na kila sababu ya kujua na kutaja mwaka aliofika, na tarehe ya kufika ikitajwa mahakamani au ofisini ina uzito kuliko umri uliotajwa kwa karani wa sensa.

Ekari 640 zilizogeuka 320

David alidai ekari 640 katika bonde la Soap Creek, Kaunti ya Benton. Ekari 640 ni maili moja ya mraba, kama hekta 259. Ndiyo iliyokuwa kawaida chini ya serikali ya muda. Hapo walijenga, wakafuga, na mwaka 1849 wakapata mtoto wa kiume, Adam.

Mwaka 1850 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Ardhi ya Hiba kwa ajili ya Oregon, na hapo ndipo ndoa ilipogeuka kuwa suala la vipimo. Mwanamume mmoja asiye na mke alipata ekari 320. Mwenye mke alipata 640, na nusu yake iliandikwa kwa jina la mke mwenyewe, jambo la nadra sana kwa Marekani ya wakati ule. Lakini sheria ilitaja walowezi Weupe, pamoja na machotara waliozaliwa na Wenyeji wa Marekani. Mwanamke Mweusi hakuwamo. David akahesabiwa kuwa hana mke, na dai lake likakatwa hadi ekari 320.

Ukilisoma faili la ardhi peke yake utaandika katika mti wa ukoo: "David Carson, kapera." Utakuwa umenakili uamuzi wa ofisi ya ardhi ukidhani ni habari ya nyumba yake. Hapa ndipo miti mingi ya ukoo inayosambaa mtandaoni inapoharibika. Ekari 320 katika Oregon ya wakati huo zinaweza kumaanisha kapera, zinaweza kumaanisha mume na mke waliofika kuanzia Desemba 1850 (maana kuanzia hapo viwango vilipunguzwa nusu, 160 kwa mmoja na 320 kwa wawili), na zinaweza kumaanisha mume ambaye mke wake sheria ilikataa kumwona. Tofauti utaipata kwa kuangalia mwaka wa kuanza makazi ulioandikwa katika faili, usiuchanganye na mwaka wa kutolewa hati.

Wajane Weupe walitazamwa vingine. Marekebisho ya Februari 1853 yalisema kwamba mjane ambaye mumewe, kama angekuwa hai, angestahili ardhi, apewe kiasi kile ambacho angepata kama mume angekuwa hai. Ndiyo maana kuna mafaili ya ardhi ya hiba yenye majina ya wanawake peke yao. Ukikutana na faili la namna hiyo, ndani yake utafute tarehe na mahali pa ndoa na tarehe ya kifo cha mume, kwa sababu mjane alipaswa kuyathibitisha. Kwa ukoo ambao kitabu chake cha ndoa kiliungua huko Ohio au Tennessee, faili hilo laweza kuwa ushahidi pekee uliobaki.

Mirathi bila mrithi

David alifariki Septemba 1852 bila kuacha wosia. Mahakama ya kaunti ikamteua jirani, Greenberry Smith, kuwa msimamizi wa mirathi. Smith alikataa kumtambua Letitia kuwa mke na watoto kuwa warithi. Hoja yake ilikuwa kwamba walikuwa mali ya marehemu.

Faili la mirathi la Oregon au jimbo lolote la Marekani la wakati huo lina karatasi zinazofuatana kwa mpangilio, na kila moja inajibu swali lake. Kwanza ni ombi la barua za usimamizi wa mirathi, yaani hati ya mahakama ya kumpa mtu mamlaka ya kusimamia mali ya marehemu, ambalo hutaja tarehe ya kifo na mara nyingi majina ya ndugu. Halafu dhamana: msimamizi na wadhamini wake wanaahidi kiasi fulani cha fedha, na kwa desturi kiasi hicho kilikadiriwa kuwa maradufu ya thamani ya mali inayohamishika, kwa hiyo hata kama orodha ya mali imepotea unaweza kukisia utajiri wa marehemu. Inafuata orodha ya mali yenyewe na makadirio ya bei, kisha hesabu ya mnada, kisha madai ya wadai, na mwisho hesabu ya kufunga.

Ukiwa na haraka, ruka zote usome hesabu ya mnada. Hiyo ndiyo karatasi yenye watu ndani. Kila kitu kilichouzwa kina jina la mnunuzi na bei, na majina hayo ni majirani, mashemeji, wakwe. Mjane mwenye ndoa halali kwa kawaida alitengewa vitu vya msingi vya nyumbani kabla ya mnada, tena alikuwa na haki ya matumizi ya theluthi moja ya ardhi ya mumewe maisha yake yote. Kwa hiyo mwanamke anayeonekana mnadani akinunua sufuria na blanketi za nyumba aliyokuwa akiishi ni ishara nzito kwamba mahakama haikumhesabu kuwa mjane. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Letitia. Mwanzoni mwa 1853 vitu vya nyumbani kwake vilipigwa mnada, na alilazimika kununua baadhi ya vyombo vya jikoni na matandiko kwa fedha yake. Yeyote aliyewahi kuona jinsi ndugu wa marehemu wanavyoweza kuingia katika nyumba ya mjane wiki ya arobaini hahitaji kufafanuliwa uchungu ulioko katika mistari ile ya bei.

Kudai ujira pale ndoa inapokataliwa

Letitia hakunyamaza. Mwaka 1854, kwa msaada wa wakili Andrew Thayer, alimshtaki Smith kama msimamizi wa mirathi, akidai zaidi ya dola 7,000. Tazama jinsi dai lilivyojengwa, kwa sababu ndilo linaloeleza karatasi zote zilizofuata. Kama angedai urithi, angepaswa kuthibitisha ndoa, na ndoa hiyo sheria haikuitambua. Badala yake alidai kwamba David alimwahidi kumfanya mrithi wa mali yake kama angeishi naye na kumfanyia kazi hadi kufa kwake, na kwamba yeye alitimiza upande wake. Basi kama urithi haupo, alipwe ujira wa miaka saba ya kazi. Na tena alipwe thamani ya ng'ombe wake ambao msimamizi aliwauza pamoja na mali ya marehemu.

Mkakati huu ulimweka Smith penye kona. Akisema Letitia alikuwa mtumwa asiyestahili ujira, anakutana na uamuzi wa Julai 1853 katika kaunti jirani ya Polk, ambapo Jaji George Williams, katika kesi ya Robin Holmes dhidi ya Nathaniel Ford, aliamua kwamba utumwa hauwezi kusimama Oregon bila sheria inayouruhusu, akawarudisha watoto wa Holmes kwa wazazi wao. Akisema Letitia alikuwa huru, basi kazi ya mtu huru ina malipo.

Jopo la kwanza la raia walioapishwa lilishindwa kuafikiana. La pili, Mei 1855, lilimpa dola 300 pamoja na gharama. Kisha ikaja kesi ya ng'ombe, na mwaka 1856 akapewa dola 1,200. Mbele ya majopo ya wanaume, katika eneo ambalo mwaka mmoja baadaye wapiga kura wake wangeweka katika katiba katazo la watu Weusi kuingia, mwanamke huyu alishinda mara mbili. Kwangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika maisha yake, kubwa hata kuliko ardhi aliyoipata baadaye.

Kwa mtafiti, faida ya kesi hizi ni aina ya habari iliyomo. Faili la mirathi linahifadhi bei. Faili la kesi linahifadhi maneno. Hati ya mashtaka hueleza mwanzo wa uhusiano, miaka, ahadi, kazi zilizofanywa. Majibu ya mshtakiwa huonyesha upande wa pili. Maelezo ya mashahidi huwa na majina ya majirani na muda waliowafahamu wahusika. Kosa la kawaida ni kutafuta kwa jina la marehemu tu. Faharasa za mahakama zimepangwa kwa jina la mdai na la mdaiwa, na mdaiwa wa kesi ya mirathi ni msimamizi. Kesi hii iko chini ya Carson na chini ya Smith. Ukijua msimamizi ni nani kutoka katika faili la mirathi, tafuta jina lake katika faharasa ya wadaiwa kwa miaka kumi inayofuata.

Kosa jingine ni majina ya mahali. Mji wa Corvallis, makao makuu ya Kaunti ya Benton, uliitwa Marysville hadi mwisho wa 1853. Kaunti ya Douglas iliundwa 1852 na ikameza Kaunti ya Umpqua 1862. Karatasi hubaki pale zilipoandikwa. Mipaka ndiyo inayohama. Kabla ya kuandika barua kwa ofisi yoyote, tengeneza jedwali la mwaka na kaunti iliyotawala kiwanja husika mwaka huo.

Karatasi ya 1863

Baada ya kesi, Letitia na watoto walihamia kusini, Kaunti ya Douglas. Huko alijulikana kwa kazi ya ukunga, na watu walimwita Tish. Jina hilo liandike katika orodha yako ya kutafutia pamoja na Letitia, Leticia, Lutitia na Lutishia, kwa sababu karani aliandika alichosikia.

Sheria ya Makazi ilitiwa saini tarehe 20 Mei 1862 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1863. Iliruhusu mtu kudai hadi ekari 160, kama hekta 65, akiwa ni mkuu wa familia au ametimiza miaka 21, ni raia au ametangaza nia ya kuwa raia, na hajawahi kushika silaha dhidi ya Marekani. Haikutaja rangi wala jinsia. Mke aliyekuwa na mume hakuweza kudai kwa jina lake, kwa kuwa mkuu wa familia alikuwa mume, mjane aliweza. Neno lile ambalo Benton walimnyima ndilo sasa lilikuwa mlango.

Kulikuwa na kizingiti cha uraia. Mwaka 1857 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Dred Scott, ilisema watu wa asili ya Afrika si raia. Lakini Novemba 1862 Mwanasheria Mkuu Edward Bates alitoa maoni kwamba mtu Mweusi huru aliyezaliwa Marekani ni raia. Miezi saba baadaye Letitia aliandikisha dai lake. Marekebisho ya 14 ya Katiba, yaliyoumaliza mjadala huo, yalikuja 1868 akiwa tayari ameishi pale miaka mitano.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mdai alikwenda ofisi ya ardhi ya eneo lake, ambayo kwa sehemu hiyo ilikuwa Roseburg, akajaza ombi, akala kiapo, akalipa dola 10 pamoja na kamisheni; gharama zote hadi mwisho kwa kawaida zilifika dola 18. Kisha akaishi na kulima miaka mitano. Baada ya hapo alikuwa na miaka miwili ya kuleta uthibitisho wa mwisho, pamoja na mashahidi wawili wa kuapa kwamba alikaa na kuendeleza ardhi. Alipochelewa au alipoondoka zaidi ya miezi sita, dai lingeweza kufutwa. Letitia alijenga nyumba, ghala na banda la kukaushia nyama, akapanda bustani ya miti ya matunda. Dai lake lilithibitishwa Juni 1869, chini ya Rais Ulysses Grant, likiwa miongoni mwa madai 71 ya kwanza kukamilika nchi nzima. Hakuna mwanamke mwingine Mweusi anayejulikana kufanikisha dai la namna hiyo Oregon.

Kulipata faili la namna hii kunahitaji hatua mbili, na watu huchanganya. Hatua ya kwanza ni hati miliki, karatasi moja yenye jina, namba na maelezo ya kiwanja, inayopatikana bure katika tovuti ya kumbukumbu za Ofisi Kuu ya Ardhi iliyo chini ya Idara ya Usimamizi wa Ardhi ya Marekani. Wengi huishia hapo. Hati hiyo haina habari ya familia. Hatua ya pili ni kuagiza faili lenyewe la madai kutoka Nyaraka za Taifa mjini Washington, ukitaja jimbo, ofisi ya ardhi, namba ya hati na maelezo ya kiwanja. Humo ndimo mna umri, idadi ya watoto, maelezo ya nyumba, majina ya mashahidi, na saini au alama ya X ya asiyejua kuandika.

Maelezo ya kiwanja husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Upimaji wa Oregon unaanzia kwenye alama iliyowekwa 1851 karibu na Portland. Kutoka hapo nchi imegawanywa katika miraba ya maili sita kwa sita. Kila mraba una vipande 36 vya ekari 640, vinavyohesabiwa kuanzia kona ya kaskazini-mashariki kuelekea magharibi, kisha mstari wa pili unarudi mashariki, na kuendelea hivyo kama jembe la ng'ombe. Kipande cha 6 kiko kona ya kaskazini-magharibi, na cha 7 kiko chini yake, si upande wa pili wa mraba. Anayesahau hilo humweka babu yake maili tano mbali na shamba lake. Robo ya kipande ni ekari 160.

Madai yaliyoshindikana hayamo katika tovuti hiyo, kwa kuwa hayakuzaa hati. Yalikuwa mengi: takriban madai milioni 4 yaliandikishwa chini ya sheria hii na kama milioni 1.6 ndiyo yaliyokamilika. Kwa mjane aliyeshindwa, tafuta vitabu vya viwanja, ambamo kila robo ya ardhi ina mstari wake na kila aliyewahi kuidai ameandikwa. Na mjane aliyemalizia dai la mumewe huweza kuwa na faili lililofunguliwa kwa jina la mume na kufungwa kwa jina lake.

Wajane wa askari wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe wana faili jingine, la pensheni, lililoanzishwa na sheria ya Julai 1862 kwa dola 8 kwa mwezi kwa mjane wa askari wa kawaida. Mwaka 1864 Bunge liliruhusu wajane wa askari Weusi kuthibitisha ndoa kwa ushahidi kwamba waliishi na kujulikana kuwa mume na mke, bila cheti. Letitia hakuhusika na pensheni hiyo, lakini linganisha: miaka kumi na mbili baada ya Benton kumkatalia, serikali kuu ilikuwa ikikubali ushahidi uleule ambao yeye angeweza kuuleta.

Sensa haisemi unachodhani inasema

Sensa za 1850, 1860 na 1870 zinataja kila mtu huru kwa jina, lakini hazina safu ya uhusiano na mkuu wa kaya wala safu ya ujane. Safu hizo mbili zinaanza 1880. Kwa hiyo mwanamke aliye peke yake na watoto katika daftari la 1860 anaweza kuwa mjane, ameachwa, au mumewe yuko migodini California. Hata 1880 alama ya ujane ilitoka mdomoni mwa mwanamke mwenyewe, na waliotelekezwa wengi walichagua neno lenye heshima zaidi.

Rangi nayo iliamuliwa kwa jicho la karani. Mtoto wa Letitia angeweza kuandikwa kwa herufi ya Mweusi muongo mmoja na ya chotara muongo unaofuata, bila lolote kubadilika nyumbani. Sensa ya 1890 ilipotea karibu yote baada ya moto wa 1921 mjini Washington, kwa hiyo kati ya 1880 na 1900 kuna shimo la miaka ishirini. Lizibe kwa vitabu vya kodi na makaburi. Letitia alifariki 1888, ndani ya shimo hilo.

Nyuma ya 1845 ukuta ni mnene zaidi. Madaftari ya watumwa yaliyotaja angalau umri na jinsia yalianza 1850, wakati yeye alikwisha kuondoka Missouri. Sensa ya 1840 ina hesabu tu ya watumwa kwa makundi ya umri. Akiwa amezaliwa kati ya 1814 na 1818, mwaka huo alikuwa na miaka 22 hadi 26, kwa hiyo angeangukia ama kundi la 10 hadi 24 au la 24 hadi 36. Anayetafuta kwa uzito asiishie kwenye kundi moja. Njia iliyobaki ni karatasi za mirathi na mikataba ya mauzo ya wenye watumwa wa Kentucky na Missouri, ambamo majina ya kwanza ya watu yameandikwa kando ya bei zao, na mtafiti huzisoma ukurasa kwa ukurasa kwa sababu faharasa zina majina ya wamiliki tu.

Watoto wawili, mafungu mawili ya karatasi

Adam, aliyejulikana pia kwa jina la Jack, alibaki Douglas, na karatasi zake zinafuata njia ya kawaida ya kaunti. Martha aliolewa na Narcisse Lavadour, mwanamume mwenye damu ya Wafaransa wa Kanada na ya Wenyeji, na familia ikahamia eneo la Umatilla, kaskazini-mashariki mwa Oregon. Uzao wa Letitia unaoendelea hadi leo umepitia huko, na wengi wao ni wa jamii za Wenyeji wa Umatilla.

Mtafiti anayemtafuta Martha katika orodha za watu Weusi wa Oregon atampoteza. Kuanzia 1885 hadi 1940 mawakala wa serikali waliandika orodha za Wenyeji waliokuwa chini yao, zikitaja majina, jinsia, umri na uhusiano wa wanakaya, na pia kuna karatasi za ugawaji wa viwanja ndani ya maeneo hayo. Mafaili haya yapo katika mfululizo tofauti kabisa na ya kaunti. Mama na binti, umbali wa siku kadhaa za farasi, waliandikwa na serikali moja katika makabati mawili yasiyozungumza.

Mwaka 2021 shule ya msingi mjini Corvallis ilipewa jina la Letitia Carson. Bonde la Soap Creek, alikoishi na David, lina ardhi inayomilikiwa sasa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, na chuo hicho kinaitumia kufugia ng'ombe.